Kuonja Chimay Bleue hatua kwa hatua: bia nzito ya watawa wa Ubelgiji

Shemeji yangu alipofika Brussels kutoka Moshi, nilimfungulia chupa ya Chimay Bleue iliyotoka moja kwa moja kwenye friji. Akapiga funda moja, akaiweka glasi mezani. "Shemeji, hii ni kali tu, ladha siioni." Tukaanza kula, habari za nyumbani zikakolea, glasi ikasahaulika. Nusu saa baadaye akaikumbuka, akanywa, akanyamaza, akaisogeza glasi puani. "Mbona nasikia ndizi? Mbona kama kuna mbege humu?"

Bia ilikuwa ileile. Ilikuwa imepata joto tu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya nusu saa ile, kwa sababu naona watu wengi wakilipa pesa nyingi kwa bia za aina hii kisha wanazinywa zikiwa zimegandishwa, na wanaondoka wakisema hazina lolote.

Ujue unachokifungua

Chimay Bleue hupikwa ndani ya Abasia ya Scourmont, kusini mwa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa. Anayewafahamu wamonaki wa Peramiho au Ndanda anaijua picha: kengele, sala za zamu, kimya, kazi ya mikono. Hao wa Tanzania ni Wabenediktini. Wa Scourmont ni Watrapisti, ambao wanafuata kanuni hiyohiyo ya Mtakatifu Benedikto kwa namna ya ukali zaidi. Abasia ilianza mwaka 1850 na kiwanda chake cha bia mwaka 1862. Wasomaji wa Kivu wana sababu ya ziada ya kulijua jina hili: monasteri ya Mokoto, kule Masisi, ilianzishwa mwaka 1954 na watawa waliotoka Scourmont.

Utakutana na maneno mawili dukani, na yanachanganya watu. Bia ya Kitrapisti yenye alama ya pembe sita iliyoandikwa "Authentic Trappist Product" lazima ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa wenyewe, na faida yake iende kwenye matunzo ya jumuiya na misaada. Chama kinachotoa alama hiyo kiliundwa mwaka 1997. Bia ya abasia ni jina pana zaidi: mara nyingi ni kampuni ya kawaida inayopika kwa jina la abasia fulani. Leffe ni ya AB InBev, Affligem iko chini ya Heineken. Ziko bia za abasia zilizo tamu kweli, kwa hiyo usizidharau, ila jua unalipia nini.

Sasa nguvu yake. Chimay Bleue ina alkoholi asilimia 9. Fanya hesabu: chupa ndogo ya sentilita 33 ina karibu mililita 30 za alkoholi tupu, wakati nusu lita ya bia ya kawaida ya asilimia 5 ina mililita 25. Yaani kichupa hiki kinaishinda nusu lita nzima. Rochefort 10, ndugu yake wa asilimia 11.3, inafika mililita 37. Kwa sababu hiyo onja ukiwa umekula, gari likiwa limeegeshwa hadi kesho, na chupa moja ya sentilita 33 inawatosha watu wawili kwa kuonja.

Kununua

Chimay Bleue utaitambua kwa kifuniko chake cha buluu. Chupa kubwa ya sentilita 75, yenye kizibo cha gome kama cha shampeni, huitwa Grande Réserve, na ndani ni bia hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza chukua ndogo, na ukiweza chukua mbili. Nitaeleza ya pili ni ya nini.

Angalia rafu ilivyo. Mwanga wa jua na taa kali huiharibu bia hata kama chupa ni ya kahawia, na joto huizeesha haraka. Chupa iliyokaa dirishani miezi mitatu sitaichukua hata kwa nusu bei. Angalia pia shingo ya chupa: kama kuna ukoko mkavu chini ya kifuniko, imevuja, na gesi yake imeondoka.

Siku moja kabla: isimamishe

Usiruke hatua hii. Bia hii haikuchujwa ikabaki angavu kama maji ya chupa. Inapotiwa kwenye chupa huongezewa hamira na sukari kidogo, ikawekwa mahali pa joto wiki kadhaa, na hamira ile inakula sukari na kutengeneza gesi humo humo ndani. Kazi ikiisha, hamira inazama chini ikawa mashapo. Chupa iliyolazwa ndani ya mfuko wa soko imevurugika yote. Isimamishe wima mahali penye giza na ubaridi, saa 24 zinatosha, mashapo yakae.

Joto: hapa ndipo mambo yote yanaamuliwa

Lengo ni nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi wakati wa kumimina. Friji nyingi ziko kwenye nyuzi 4 au 5. Kwa hiyo itoe chupa mapema: nyumbani kwangu, chumba kikiwa na nyuzi 20, naitoa kama nusu saa kabla. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, dakika 10 hadi 15 zinatosha, na baada ya hapo ukimbizane nayo. Kama huna kipimajoto, shika tumbo la chupa kwa kiganja kizima. Ikikuchoma kwa baridi, bado. Ukihisi ubaridi wa mtungi wa maji uliokaa kivulini, mimina.

Sababu yake ni rahisi. Harufu ni mvuke, na kitu kilichopoa sana hakitoi mvuke wa kutosha. Tena baridi huufanya ulimi uzito wa kusikia utamu huku uchungu na ukali vikibaki palepale. Ndiyo maana shemeji alisikia "kali tu". Utamu wa kimea ulikuwamo, ila ulikuwa umelala.

Sahani ya harufu

Wakati chupa inapoteza baridi, andaa sahani. Mimi huweka tende mbili, zabibu kavu kiganja kimoja, kipande cha ndizi iliyoiva hadi ganda limeanza madoa, karafuu mbili tatu, kipande cha sukari guru, pilipili manga chache zilizopondwa, na ganda la mkate lililookwa likawa kahawia iliyokolea.

Vitabu vya bia vya Ulaya vitakuambia utafute tini, plamu kavu na karameli. Hiyo ni kabati ya jikoni kwao. Jikoni kwetu tende, zabibu na sukari guru zinabeba harufu zilezile, na tunazijua tangu utotoni, hivyo pua haipapasi kutafuta jina. Naamini kabisa kwamba mtu aliyekulia karibu na mapipa ya mbege, urwagwa au busaa yuko mbele katika bia hizi kuliko anavyodhani. Mbege yenyewe ni ndizi na kimea cha ulezi. Huyu mtu ameshaonja kimea, ameshaonja hamira hai, ameshaonja ndizi iliyochacha. Kinachobaki ni kuviona tena katika vazi jingine.

Kabla ya bia, fanya jaribio moja. Ziba pua kwa vidole, weka zabibu mdomoni, itafune. Utasikia utamu na uchachu kidogo, basi. Ingeweza kuwa chochote. Sasa achia pua. Zabibu inafika ghafla, nzima. Hapo umejionea mwenyewe kwamba kinachoitwa ladha kwa sehemu kubwa ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani. Hilo ndilo utakalolifanya na bia.

Glasi

Iwe na mdomo mpana, tumbo la duara na shina. Chimay wana yao, kama kikombe cha altare kilichofupishwa. Glasi ya mvinyo mwekundu inafaa vizuri sana. Isiwe ya plastiki, na isitoke kwenye barafu.

Ioshe kwa sabuni, isuuze mpaka harufu ya sabuni iishe, halafu iache ikauke kwa hewa. Kitambaa cha jikoni kina mafuta, na mafuta huua povu. Ukimimina ukaona viputo vimeng'ang'ania kioo pembeni kama vijitone vya jasho, glasi haikuwa safi.

Kumimina

Inamisha glasi, elekeza bia kwenye ubavu wake, mimina polepole mfululizo bila kusita. Kusitasita kunairudisha bia nyuma na kuyaamsha mashapo. Glasi ikifika nusu, isimamishe na mimina katikati ili povu lipande. Macho yasitoke shingoni mwa chupa: ukiona wingu la kijivu linasogea, acha. Kitabaki kama kimo cha vidole viwili chini. Usikimwage, kina zamu yake.

Povu linapaswa kuwa la rangi ya maziwa yenye tone la chai, zito, lenye viputo vidogo. Acha lishuke dakika moja.

Tazama, lakini usikawie

Nyanyua glasi mbele ya mwanga. Katikati utaona kahawia nzito, karibu ya kahawa. Pembeni, pale bia inapokuwa nyembamba, kuna wekundu wa mti wa mninga uliopakwa mafuta. Rangi hiyo hutoka kwenye kimea kilichokaushwa kwa moto zaidi, na katika bia nyingi za ukoo huu, kwenye sukari ya viazisukari iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi. Rangi haikuambii nguvu wala utamu. Endelea.

Kunusa

Usitumbukize pua mara moja. Anza glasi ikiwa usawa wa kidevu, vuta pumzi fupi mbili. Halafu ilete karibu, vuta fupi fupi, kama mtu anayekagua maziwa kama yamelala. Izungushe glasi kidogo, nusa tena. Kisha pumzisha pua kwa kunusa mgongo wa mkono wako mwenyewe, kwa maana pua huchoka upesi na harufu ya ngozi yako huizoea.

Mara nyingi kinachotangulia ni mkate: ganda la mkate, biskuti, kitu kilichookwa. Hicho ni kimea. Nyuma yake huja matunda makavu. Nusa tende kwenye sahani, rudi kwenye glasi. Nusa zabibu, rudi. Usijilazimishe kuziona zote. Ukipata mbili siku ya kwanza umefanya kazi.

Halafu ndizi na karafuu. Hizi hazikutiwa na mtu. Bia tulizozoea za Tusker, Kilimanjaro au Primus huchachuliwa polepole kwenye ubaridi na hamira isiyosema sana. Hamira ya Ubelgiji hufanya kazi kwenye joto, na katika kazi hiyo inatoa kiungo kilekile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake, pamoja na kingine ambacho ni jamaa wa karibu wa kile kilicho ndani ya karafuu. Hamira ya Chimay ilitengwa na mtawa wa hapo, Padre Théodore, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ndiyo roho ya bia zao zote. Ukinusa pilipili manga kwa mbali, pia ni yeye, hamira.

Ponda karafuu moja kati ya vidole, subiri sekunde kumi, urudi kwenye glasi. Kwangu mimi hapa ndipo uonjaji unapokuwa raha ya kweli, pale kitu kilichokuwa ukungu mtupu kinapopata jina la nyumbani.

Funda la kwanza

Chukua funda la wastani, si la ndege na si la kiu. Lisambaze mdomo mzima, lihesabie mpaka tatu, meza. Wakati unameza toa pumzi kwa puani, mdomo ukiwa umefungwa. Zabibu yako ya dakika chache zilizopita inakuonyesha kwa nini.

Jiulize maswali kwa mpangilio huu. Mbele ya ulimi kuna utamu wa aina gani: wa sukari nyeupe, wa asali, wa sukari guru? Gesi inachoma au inapapasa? Bia ina uzito gani mdomoni, wa maji, wa maziwa, wa uji mwepesi? Kisha subiri. Watu wengi hukosea hapa: wanatoa hukumu kabla bia haijamaliza kusema. Chimay Bleue huingia na utamu na kutoka ikiwa kavu, yaani bila utamu kubaki mdomoni, na uchungu kidogo wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na ganda la mkate lililoungua. Ukavu huo unatokana na sukari iliyotiwa wakati wa kupika: hamira huila karibu yote na kuigeuza alkoholi, bila kuacha uzito. Bia yenye nguvu hii iliyopikwa kwa kimea kitupu ingekuwa nzito kama sharubati.

Alkoholi utaisikia kama joto kifuani, taratibu. Likiwa joto la chai ya tangawizi, sawa. Ikiwasha koo kama spiriti, ama bia ni moto mno, ama chupa ina kasoro.

Dakika ya 20, dakika ya 40

Weka glasi mezani. Zungumza na uliyenaye. Kila baada ya dakika kumi nusa, nywa funda, andika neno moja au mawili. Karatasi ni ya lazima, sababu kumbukumbu ya harufu hukimbia.

Katika daftari langu bia ya aina hii huenda hivi: kwenye nyuzi 10 naandika mkate, pilipili, gesi kali. Inapofika 13 au 14, ndizi na tende zinasimama mbele, na gesi imepoa. Kwenye 16 hivi sukari iliyoungua inatawala, na kama chupa ni ya zamani kidogo, hutokea kitu kama zabibu zilizolowekwa. Ukipita nyuzi 18 alkoholi inaanza kuwafunika wenzake. Muda mzuri ni ule wa katikati, na ni mrefu wa kutosha kwa mazungumzo kamili.

Mashapo

Sasa kile kilichobaki kwenye chupa. Kizungushe, kimimine kwenye kiglasi kidogo pembeni, na kionje peke yake. Ni cha mawingu, kina ladha ya unga na hamira, kama donge la mkate kabla halijaingia tanurini. Wapo wanaokipenda na kukichanganya kwenye glasi yao ya mwisho. Mimi huacha, kwa sababu kinafuta ule ukavu wa mwisho niupendao. Hakidhuru, ingawa kwa mtu asiyezoea huweza kuchafua tumbo kidogo.

Ukikuta kasoro

Harufu ya boksi lililolowa ni bia iliyozeeka vibaya kwenye joto. Uchachu mkali wa siki haupaswi kuwemo katika bia hii. Harufu ya kicheche, ile ya kukunja uso, ni kazi ya mwanga. Ikifumka povu tele pindi tu unapoifungua, ama ilitikiswa, ama kuna kitu kimeingia na kuendelea kuchacha. Katika hali hizo usijilazimishe kuisifu kwa sababu ya bei. Rudisha dukani na useme wazi umesikia nini.

Chakula

Chimay wanatengeneza pia jibini, tangu mwaka 1876, na jibini lao na bia yao vinaelewana bila kusukumwa. Wabelgiji wa Flanders hupika nyama ya ng'ombe ndani ya bia nyeusi kwa saa nyingi hadi inaachia nyuzi, nao huinywa bia hiyohiyo mezani. Kwa upande wetu, mbuzi wa kuchoma aliyeungua pembeni anafaa mno, maana ule weusi wa moto unaitana na kimea. Pilau pia, kwa sababu ya karafuu na pilipili manga. Epuka samaki wepesi na pilipili kali mbichi. Alkoholi itauzidisha moto wa pilipili na hutasikia kingine.

Ukishaielewa

Panda ngazi. Siku nyingine weka pamoja Westmalle Dubbel ya asilimia 7, Chimay Bleue, na Rochefort 10, sentilita 10 kila moja, ukianza na nyepesi. Westmalle itakuonyesha mkate na ndizi bila mzigo. Rochefort itakuonyesha mahali ambapo tende, sukari guru na joto la alkoholi vinakuwa kitu kimoja. Kwangu hiyo ndiyo bia tajiri kuliko zote hizi. Utasikia pia watu wakiitaja Westvleteren 12 ya abasia ya Sint-Sixtus, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa chupa zake zisizo na lebo, ambayo watawa huiuza kwa kuagiza kwanza. Ukiikosa usihuzunike sana: kiwanda cha St. Bernardus, kijiji cha Watou, kiliwapikia watawa hao kwa leseni kuanzia mwaka 1946 hadi 1992, na Abt 12 yao inapatikana kwa urahisi zaidi.

Na ile chupa ya pili ya Chimay. Ibandike kipande cha karatasi chenye tarehe uliyonunua, isimamishe kabatini penye giza, mbali na jiko, pasipopanda na kushuka joto. Baada ya mwaka nunua mpya, uzifungue zote mbili siku moja, glasi kando ya glasi. Mpya itakuwa na pilipili na gesi. Ya kabatini itakuwa imetulia, tende zimekolea, na povu limepungua kidogo. Mimina kwanza ile iliyokaa.